Hii nyumba imezama kweli au ni kamera?

mwana_ngamiani: Wadau habari zenu. Mdogo wangu anasoma Dunedin kule New Zealand, jana katuma picha kwenye grupu la familia kasimama nje ya nyumba imezama upande mmoja mpaka dirisha linataka kugusa majani, eti mtaa unaitwa Baldwin Street na watu wanaishi humo kabisa. Sie Tanga tumezoea tambarare, Ngamiani mpaka Raskazone unaenda na baiskeli huku unapiga stori, sasa mama hana raha anauliza mtoto kapanga wapi. Ni kweli au kamera? Mwezi wa 12 naenda kumtembelea, panapandika pale?

bi_chumbageni: Mwambie mama atulie, nyumba ziko wima. Mtu analaza simu ifuate barabara, basi barabara inaonekana imenyooka na nyumba ndo inazama. Cheki nguzo za umeme kwenye hiyo picha, utakuta nazo zimelala.

kaka_wa_soni: Nimefika. Ni kamtaa kafupi, kama mita 350, mwanzoni unajiuliza mbona kawaida tu, shughuli iko juu, pale ukienda mbele mita 3 umeshapanda karibu mita 1. Sisi kupanda Lushoto angalau barabara inazunguka kona kona, huu wamepiga rula moja kwa moja, wanasema mitaa ilichorwa na watu wako London hata kilima hawajakiona 😂 Kule juu ni zege, lami ikipigwa na jua ingeteremka. Nyumba zenyewe upande mmoja bati liko karibu na ardhi, upande wa pili ukuta mrefu utadhani ghorofa. Gari acha chini North Road, juu hakuna pa kutokea, panda kwa miguu, pembeni kuna ngazi. Na usiingie bustani za watu kutafuta picha.

bi_chumbageni: Na ndo mtaa wenye rekodi ya Guinness kwa mwinuko mkali duniani. 2019 wakanyang'anywa na mtaa mmoja wa Harlech, Wales, 2020 wakarudishiwa baada ya kukubaliwa kwamba kipimo kichukuliwe katikati ya barabara.

mwana_ngamiani: Ahsanteni sana. Na baiskeli je, kushuka tu?

kaka_wa_soni: Thubutu! 2001 mwanafunzi alifariki pale, alishuka ndani ya pipa la taka lenye matairi likaenda kugonga tela lililopaki. Shuka kwa miguu yako bwana.

mwana_ngamiani: Nimemsomea mama yote, kaelewa. Sasa anauliza mtungi wa gesi wanaupandishaje.