Tupeane uzoefu: umri umesogea, umehamia pikipiki gani nyepesi?

Bwana Shamba Mstaafu (Njombe)

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Naomba tuongee sisi tuliovuka hamsini na bado tunaendesha.

Nina miaka 63. Kazini niliendesha Honda XL 125 ya ofisi, na nilipostaafu nikanunua ya kwangu. Injini yake naipenda mpaka leo. Kilichonishinda ni kimo. Goti la kulia linauma, na mfuko wa mbolea ukiwa kwenye keria, kurusha mguu juu ya siti ni shughuli. Kwenye matope ya huku, vidole tu ndivyo vilikuwa vinagusa chini. Sasa nina Boxer 150. Nyayo zote mbili zinatua, na asubuhi ya baridi nabonyeza stata, goti linapumzika na kiki.

Nilivyoona mimi, uzito wa pikipiki huusikii ikiwa inatembea. Unausikia imesimama: unapoitoa kibarazani, unapoigeuza kwenye njia nyembamba, unapoivuta kinyumenyume kupanda mteremko. Kwa hiyo kabla sijalipa niliomba injini izimwe, nikaisukuma uani, nikaizungusha, nikaipandisha stendi ya kati na kuishusha. Kuijaribu barabarani kulifuata baadaye. Wenzangu mlichaguaje?

Mama Kliniki (Tabora)

Bwana Shamba, wewe unataja uzito na kimo. Mimi kilichonisumbua ni kiganja. Nina miaka 61, muuguzi mstaafu, na vidole vya mkono wa kushoto vina baridi yabisi. Kukamata klachi kwenye foleni ya sokoni kulikuwa kunanitoa machozi.

Nikatafuta Honda C90 ya zamani, ile ya ukoo wa Super Cub. Haina mkono wa klachi kabisa, unakanyaga gia kwa mguu na klachi inajiachia yenyewe. Tanki liko chini ya siti, kwa hiyo unapita katikati hata ukiwa na gauni, hakuna kurusha mguu. Kilo mia haifiki. Honda walianza kuziunda hizi Super Cub mwaka 1958 na bado wanaziunda. Kwangu mimi hakuna chombo kilichowahi kumfikiria mtu wa kawaida kuliko hiki.

Ubaya wake ni mchanga. Tairi ni nyembamba, na huku kwetu njia za vijijini zina mchanga mwingi. Nikifika penye mchanga mzito nashuka nasukuma. Ni nyepesi, naiweza.

Mzee wa Safari (Arusha)

Marahaba kwa walionisalimu. Mimi nilikuwa na BMW R 1250 GS, kilo 249 ikiwa na mafuta. Kwenye lami ndefu ya kwenda Dodoma sijaona raha inayoizidi. Lakini kila ninaposimama kwenye changarawe nilikuwa natafuta kwanza pa kuweka mguu, badala ya kuangalia barabara.

Tahadhari moja: nyepesi si lazima iwe fupi. Niliitazama Honda CRF300L, kilo kama 142 tu, ila siti iko sentimita 88 kutoka chini, juu kuliko hata GS yangu. Kwa miguu yangu haikufaa. Nikachukua Royal Enfield Himalayan 411: kilo 199, siti sentimita 80. Kijana mrefu angechagua kinyume na angekuwa sahihi.

Mizigo nayo itazameni. Kilo kumi juu ya keria zinayumbisha kuliko kilo kumi kwenye mifuko ya pembeni. Tanki la lita 15 likijaa ni kilo 11 hivi, kwa hiyo kwa mizunguko ya mjini natia nusu.

Kijana wa Spea (Morogoro)

Shikamooni wazee wangu. Kabla hamjauza mnazozipenda, pelekeni siti kwa fundi wa makochi apunguze sponji. Sentimita mbili tatu zinaleta tofauti kubwa kwenye mguu. Ukiamua kushusha shokapu, kumbuka stendi ya pembeni inabaki ndefu, pikipiki inasimama wima mno na upepo unaweza kuiangusha. Ifupishwe pia.

Baba Wawili (Nakuru)

Hamjambo ndugu zangu. Mgongo wangu ulipasuliwa, kwa hivyo swali langu lilikuwa moja: ikianguka nikiwa peke yangu, nitaiinua? Nilifundishwa hivi. Zima injini, ingiza gia isiteleze. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza. Ipe mgongo, chuchumaa, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, kisha rudi kinyumenyume kwa hatua ndogo. Nguvu itoke kwa miguu. TVS 125 naiinua hivyo. Ile kubwa niliyokuwa nayo sikuiweza, nikaiuza.

Tena, egesheni mkielekea juu ya mteremko. Wakati wa kutoka itarudi yenyewe.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba kijana wa Spea, siti naipeleka kwa fundi wiki hii. Mama Kliniki, nina dada yangu Makambako mwenye vidole kama vyako. Hiyo C90, spea za kabureta unazipata Tabora au unaagiza Dar?