Kesi ya shamba tumeshinda sisi, korosho anaokota aliyeshindwa!

Wakuu, niko Mtwara na naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mama yangu alishinda kesi ya shamba la mikorosho kwenye baraza la ardhi. Siku 45 za kukata rufaa zikapita, yule bwana kimya. Hukumu ina muhuri, mama anaitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya kanga zake. Huu ni msimu wa tatu tangu isomwe, na anayevuna ni yule yule.

Jumamosi nimemsindikiza mama shambani. Tumekuta watoto wa huyo bwana wamekaa chini ya mkorosho aliopanda marehemu baba, wanatenganisha korosho na mabibo, magunia matatu yameshajaa. Mwenyewe akainuka kwa adabu zote, "Shikamoo mama." Na mama akaitikia! Kisha anasema: "Kesi mlishinda, sikatai. Ila hukumu haiokoti korosho."

Mzigo huo unaenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina lake, unapigwa mnada, hela inaingia akaunti yake.

Msiniambie tukakazie hukumu, yaani tuombe baraza lisimamie itekelezwe, tumeshaomba. Mara mwenyekiti wa baraza yuko likizo, mara jalada halionekani, mara kaibuka shemeji mtu na pingamizi eti shamba ni lake. Kesi nzima huyo shemeji hatukumwona hata kivuli! Amri ilipotoka, dalali wa baraza, anayetekeleza amri, akataka laki nane mbele, na mafuta ya gari juu yetu. Eti mdaiwa atarudisha gharama baadaye. Mtu anayevuniwa korosho zake misimu mitatu laki nane anazitoa wapi?

Na tukisema tuingie wenyewe na mapanga, mahabusu tunalala sisi, hapo gari la polisi halikosi mafuta.

Ibara ya 107A ya Katiba inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi. Wakili mmoja, kunituliza, kaniambia tusiwe na haraka, sheria inatoa miaka 12 ya kukazia hukumu. Mama ana miaka 71.

Sasa wanasheria wa humu, naomba jibu moja tu: tunaweza kuomba amri ya kuzuia hizo korosho au malipo yake palepale AMCOS kabla hajalipwa? Mnada hausubiri, na leo kaongeza gunia la nne.