Chinchila, simbilisi au sungura: yupi anafaa kufugwa ndani hapa Tanga?

binti_chumbageni
Assalam aleikum wapendwa. Mwanangu wa darasa la tatu anataka mnyama wa kukaa naye ndani. Kaona chinchila, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mengi, kwenye video, basi hasemi kingine. Mimi nimefikiria pia simbilisi (guinea pig) na sungura. Nyumba yetu ni ya bati, ina feni, AC hatuna. Nilinganishieni kabla sijaagiza.

mfugaji_sahare
Waaleikum salaam dada. Bei na kibanda viache kwanza, tazama hewa. Chinchila asili yake ni milima ya Andes kule Chile, kwenye miamba, baridi na ukavu. Tundu moja la ngozi yake huotesha nywele zaidi ya 50, ndiyo maana manyoya yake ni mazito namna ile. Joto likipita nyuzi 25 anaanza kutaabika, likifika 30 anaweza kufa ndani ya saa chache. Sisi kuanzia Desemba hadi Machi mchana tunafika 32, na unyevu wa bahari haumwachi mtu hata usiku. Feni usiitegemee. Inatupoza sisi kwa sababu tunatoka jasho. Yeye hatoki jasho, kwa hiyo inampulizia hewa ileile ya moto.

lushoto_kwetu
Huku milimani joto si tatizo, mwezi wa saba tunalala na mablanketi mawili. Ila ukungu nao una unyevu wake. Chinchila haoshwi kwa maji: manyoya yakilowa hayakauki upesi mpaka kwenye ngozi, fangasi wanaingia. Anaoga vumbi la mawe ya volkano lililosagwa laini kama unga wa sembe, mara mbili tatu kwa wiki, dakika 10 hivi kisha unaliondoa. Mchanga wa ufukweni usimpe, chembe zake ni kubwa.

binti_chumbageni
Na tukifunga AC chumba kimoja tu?

mfugaji_sahare
Itabidi iwake mchana na usiku kila msimu wa joto, na chinchila huishi miaka 10 hadi 20. Umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa pili, chupa ya barafu iliyofungwa kitambaa itamsaidia kidogo tu. Tena huyu huamka jioni na kurukaruka usiku, mwanao kalala. Chakula chake ni nyasi kavu, matunda na vitu vitamu vinamharibu tumbo. Na kumwingiza nchini kunataka kibali cha mifugo. Dada, nakwambia kwa moyo wote, usimlete. Mnyama huyo atateseka hapa, na mtoto ndiye atakayemkuta amekufa.

mwalimu_makorora
Naunga mkono. Chukua simbilisi. Naye asili yake ni Andes, lakini amefugwa na watu kwa maelfu ya miaka na manyoya yake ni mepesi zaidi. Joto kali linamdhuru pia, hivyo asikae karibu na bati wala juani. Mweke sakafuni, kwenye chumba kinachopitisha upepo. Anakuwa macho mchana, mtoto akirudi shule wanaonana. Jambo moja usilisahau: mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi. Kipande cha pilipili hoho kila siku kinatosha. Nyasi zisikose, kwa sababu meno yake hayaachi kukua.

baba_mikanjuni
Sungura ni mzuri ukiwa na ua. Ndani atatafuna nyaya. Mtoto akimbeba vibaya akarusha mateke, uti wa mgongo unaweza kuvunjika.

binti_chumbageni
Nimeelewa, ahsanteni sana. Nitamwambia mwanangu ukweli wote, naye ataendelea kumwangalia huyo chinchila kwenye video. Simbilisi ninunue mmoja au wawili?

mwalimu_makorora
Wawili, majike, maana mmoja hupweka. Kabla ya kulipa, mwombe mtaalamu wa mifugo awatazame jinsia. Simbilisi jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa wiki nne tano tu, akabeba miezi miwili hivi, kwa hiyo uliza pia kama walikuwa wanakaa na madume. Sakafu ya kibanda isiwe ya waya, inawatoa vidonda nyayoni. Tandika nyasi kavu, na zilizolowa zitoe kila siku.

lushoto_kwetu
Na maji yabadilishwe asubuhi na jioni, hasa wakati huu wa kaskazi.