Vioo vya paa kwa ndani, juu mita 3.8: mti mrefu, ngazi, jukwaa au mvuke?

Mtoto_wa_Pangani
Wakuu, heshima kwenu. Mwaka jana tulinunua nyumba huku Reading, Uingereza, na nyuma yake kuna kile chumba wanachokiita konsavatori: kuta vioo, paa vioo. Mke wangu alipokiona tu akasema baraza limepatikana, chai ya jioni tutainywea hapa. Kipindi chote cha baridi hatukuona neno. Sasa ni mwezi wa tatu, jua limeanza kuchungulia na limetuumbua. Ndani ya vioo vya paa kuna michirizi, tandabui, madoa meupe, na ukungu mweusi umekaa kwenye mipira ya pembeni. Nje huja kijana na brashi yake ya maji kila baada ya wiki sita, ila ndani hagusi.

Pembeni paa liko mita 2.2, lakini pale kwenye mgongo ni 3.8. Ngazi ya kuegemeza haina pa kuegemea, juu ni kioo kitupu. Nimewaza mambo matano: mti wa kuvuta (fimbo inayorefushwa) wenye kitambaa, ngazi ya A, kukodi jukwaa la magurudumu, mashine ya mvuke (shemeji anayo na ananisumbua niitumie), au kuita watu wa usafi. Aliyewahi kupambana na kitu hiki anisaidie kabla sijamwaga hela.

FundiVioo_Kkoo
Mkuu, kabla ya yote, hilo paa ni kioo kweli au plastiki? Mapaa mengi ya namna hiyo ni polikaboneti. Ukitazama kwa ubavu utaona vijiti-vijiti ndani kama boksi la kadibodi, na ukigonga kwa ukucha sauti inakuwa ya ndoo. Kama ni hiyo, dawa za vioo zenye amonia usizipeleke, zitaifubaza na kuipasua nyufa ndogondogo. Hapo ni sabuni ya vyombo na kitambaa laini basi.

Mtoto_wa_Pangani
Ni kioo, fundi. Tabaka mbili, kina ubuluu kwa mbali. Aliyetuuzia nyumba alisema ni kioo kinachojisafisha chenyewe, ndiyo maana nilizubaa miezi yote hiyo.

MamaPacha_Leicester
🤣🤣 Pole kaka, hata sisi tulisubiri kijisafishe. Kile kinajisafisha upande wa NJE tu. Kimepakwa utando mwembamba wa titani dioksidi. Jua likiupiga unalegeza uchafu, mvua ikinyesha inausukumia chini. Sebuleni kwako mvua inanyesha? Ndani ni kioo kama cha dirisha lolote.

Kuhusu ngazi ya A, mimi nimeitumia na sirudii. Siyo kwamba haifiki. Paa letu lina vipande kumi na sita, maana yake ngazi unaihamisha mara kumi na sita, na kila mara unajiambia kile cha pembeni nitakinyoosha mkono tu nisishuke tena. Hapo ndipo nilipokwenda chini. Nilidondokea kwenye sofa, Mungu ni mwema, ila ndoo ilidondokea kwenye kapeti.

Mkaazi_wa_Seeb
Assalaam aleikum. Huku Muscat ukungu hatuna, tuna vumbi, na vumbi limetufunza jambo moja: usianze na maji. Ukilowesha uchafu mkavu umejitengenezea tope, na tope likishaingia pembe za fremu utalichokonoa mpaka Ramadhani. Kwanza pitisha kifyonza vumbi chenye brashi laini, bomba lake uliunge na mti. Tandabui na wadudu waliokufa wote wanaondoka. Nusu ya kazi imekwisha hapo na hujalowa.

Kipanga_wa_Mvita
Mwangu, mimi kazi yangu ndiyo hii. Nimesafisha vioo vya paa la ukumbi wa hoteli huku Mombasa miaka saba. Mti mrefu, usitafute kingine. Lakini watu wengi wanaununua, wanaujaribu siku moja, wanautupa stoo wakisema haufai. Wanakosea pahala pawili.

La kwanza, wanatumia ule mpira wa kukaushia kioo kama wanavyotumia dirishani. Dirishani maji yanashuka ukutani. Juu ya kichwa yanashuka kwenye mti, kwenye mkono, mpaka kwapani, na mengine kwenye jicho. Kwa paa la ndani achana na mpira. Tafuta kile kibao bapa cha pembe tatu chenye kiungo kinachogeuka pande zote, kinabandikwa vitambaa vya maikrofaiba. Vitambaa uwe navyo visipungue sita. Kitambaa unakilowesha, unakikamua mpaka kikatae kutoa tone, ndipo unapandisha. Kikichafuka unabadili. Kuosha kitambaa kimoja na kukirudisha ni kuzungusha uchafu.

La pili, wanapita mara moja tu. Pita ya kwanza ya maji yenye sabuni, matone mawili matatu kwa ndoo nzima, si povu la kufulia. Pita ya pili maji matupu, kitambaa kipya. Michirizi unayoiona kwenye vioo vya watu mara nyingi si uchafu, ni sabuni iliyokaukia pale.

Anzia mgongoni ushuke kwenye mfereji. Vaa miwani. Na shingo, mwangu, shingo! Kila vipande vitatu pumzika, tazama chini. Sisi vijana tulikuwa tunabishana nani atamaliza safu bila kushusha kichwa, leo mimi nalala na mto wa pekee.

FundiVioo_Kkoo
Nakubali yote isipokuwa mpira. Paa likiwa na mwinamo mkali, ukiweka maji machache na ukavuta kuelekea chini, mpira unatoa kioo king'aavu kuliko kitambaa chochote.

Kipanga_wa_Mvita
Wewe ni fundi wa miaka mingi, mkono wako unajua. Huyu bwana ana sofa chini.

FundiVioo_Kkoo
Hahaha, haya. Sofa limeshinda.

Shemeji_Asemaye_Kweli
Mbona mvuke mmeuruka? Mashine yangu inaua ukungu bila dawa, mafuta yanayeyuka, inafika kila kona. Na ina bomba refu.

MamaPacha_Leicester
Ndiye shemeji mwenyewe huyu?? 😂

Shemeji_Asemaye_Kweli
Ndiye.

FundiVioo_Kkoo
Shemeji, tuelewane. Kwenye vigae na jikoni mashine yako sina ugomvi nayo. Paa la huko asubuhi ya mwezi wa tatu ni baridi kama barafu. Ukikipiga kioo baridi mvuke wa moto mahali pamoja, pale panatanuka na pembeni hapatanuki. Kioo kilichoimarishwa kinaweza kuvumilia, cha kawaida kinaweza kupasuka, nawe kwa macho si rahisi kuvitofautisha. Halafu kioo cha tabaka mbili kimezibwa kingo zake kwa gundi maalumu. Joto la kila mara linailegeza, unyevu unaingia katikati, na ukishaingia hakuna kitambaa kitakachofika huko. Tena mvuke wenyewe unakwenda wapi? Unaganda juu ya kioo kilekile na kudondoka.

Mzee_wa_Glasgow
Jukwaa la kukodi nalisemea mimi. Nililikodi mwisho wa juma mmoja kwa ajili ya kubadili silikoni yote ya paa. Kwa kazi ile lilikuwa na maana, maana unahitaji mikono miwili na macho karibu. Kwa kufuta vioo tu ni kuchinja ng'ombe kwa hamu ya mchuzi. Utahamisha fanicha zote, na kama paa lina vyuma vya kukaza vilivyokatiza katikati, jukwaa halipiti. Pima mlango kwanza.

Jambo jingine: Reading maji yenu ni magumu, yamejaa chokaa. Huku Scotland maji yetu ni laini, napitisha ya bomba na sioni doa. Wewe ukipitisha ya bomba utaacha madoa meupe yaleyale unayoyaona kwenye birika.

Mtoto_wa_Pangani
Mzee, birika letu ndani limekuwa jeupe kama pango! Sasa maji nitoe wapi?

Mkaazi_wa_Seeb
Maji ya betri. Yale yasiyo na tindikali, usije ukachanganya. Kwa pita ya mwisho lita tano zinatosha na kubaki.

MamaPacha_Leicester
Au kama una mashine ya kukaushia nguo yenye tangi la kukusanya maji, yale hayana chokaa. Yachuje kwa kitambaa kwanza, yana manyoya ya nguo.

Mtoto_wa_Pangani
Wakuu, mrejesho. Watu wa usafi nilishawaita, wakaja wawili, wakaangalia juu, wakanitajia paundi 190, na nilipouliza watafanyaje wakasema wataingiza bomba lao la nje ndani. Kwenye sofa! Nikawashukuru nikafunga mlango.

Jumamosi kulikuwa na mawingu, nikaona ndiyo siku, kwa sababu jua likiwaka sabuni inakauka kabla hujaifuta. Kifyonza vumbi kwanza, kisha mti na kibao cha pembe tatu, vitambaa vinane. Madoa meupe ya zamani yalikataa sabuni, nikapitisha siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, nikangoja kidogo, nikafuta upesi isikae kwenye alumini na mipira. Ukungu wa pembeni ulio chini niliusugua kwa mswaki na sabuni. Shemeji akaleta Jik, nikamwambia siku yenye siki hiyo haiingii chumbani humu, vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Saa tatu na nusu jumla. Shingo kweli inauma, Kipanga.

Ukungu chanzo tumekijua pia: nguo mbichi tulikuwa tunazianika humo kipindi chote cha baridi huku tumefunga vitundu vya hewa.

Lakini kipande kimoja, cha tatu kutoka mlangoni karibu na mgongo, kimekataa. Nimekipitia mara nne. Asubuhi kina wingu, mchana linapungua.

FundiVioo_Kkoo
Usikipitie mara ya tano. Kazi yako umeimaliza. Wingu linalokuja asubuhi na kupungua mchana liko katikati ya tabaka mbili, muhuri wa kingo umekufa. Haibadilishwi fremu wala paa, kinabadilishwa kioo hicho kimoja. Ila usikishushe mwenyewe na shemeji, ni kizito kuliko kinavyoonekana. Fundi akija kupima mwambie tabaka la ndani liwe lile lenye plastiki katikati, likivunjika linabaki limeshikana pale juu.

Mtoto_wa_Pangani
Anakuja Jumanne kupima. Shemeji ameuliza kama anaweza kuja kuangalia.