Vyama vyote viwili vimenichosha: niandike jina nilitakalo mwenyewe kwenye kura ya rais?

Mwana Uvira
Wakuu, salamu. Novemba hii 2024 ndiyo mara yangu ya kwanza kumpigia kura rais wa Marekani. Nimesoma ahadi za Democratic na za Republican, na moyo umekataa kote. Kodi ya nyumba haishuki, ndugu zetu wako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka na miaka, na sisi tunakumbukwa Oktoba tu. Nikiandika jina la mtu ninayemwamini, nje ya vyama, kura yangu ina maana au naitupa?

Kilindini
Unaitupa. Florida mwaka 2000 Bush alimpita Gore kwa kura 537, na Ralph Nader, mgombea wa nje ya vyama vikubwa, peke yake alichukua zaidi ya 97,000 humohumo. Ross Perot, naye wa nje ya vyama hivyo, mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima, lakini kati ya wajumbe 538 wanaomchagua rais hakuambulia hata mmoja.

Mama Sauda
Kura ni amana, baba. Hao wa kambini hawana pa kuipigia. Na usiishie kwa rais: shuka chini hadi wabunge wa jimbo lako, maana sheria nyingi za wapangaji hupitia kwao.

Fundi Sanduku
Uko jimbo gani?

Mwana Uvira
Jimbo halihusiki, kaka. Swali langu ni la dhamira.

Fundi Sanduku
Linahusika kuliko yote. Kila jimbo lina sheria zake za kuhesabu.

Mwana Uvira
Maine. Lewiston. Nimehamia Agosti kutoka Ohio.

Kilindini
Hapo sikuamini. Karatasi ya Maine ina safu za chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Aliyeishika angeuliza habari za safu hizo. Huu uzi umetungwa kuwavunja watu moyo wasipige kura.

Mwana Uvira
Sijatunga. Karatasi ilikuja kwa posta. Safu niliziona, nikadhani ni za uchaguzi mwingine. Nimeshaandika jina, nimefunga bahasha na kutia saini. Sioni sababu ya kuifungua, nafsi yangu imetulia.

Fundi Sanduku
Kilindini, mwache, kosa hili huwapata wengi wanaotoka majimbo ya kujaza duara moja.

Ndugu, usiipeleke hivyo. Maine jina la kuandikwa kwa mkono huhesabiwa tu kama mtu huyo alijitangaza mapema kwa Katibu wa Jimbo. La mtu ambaye hakujitangaza, kama jirani yako tu, halihesabiwi. Usiifungue bahasha mwenyewe. Nenda nayo kwa karani wa mji, mwambie umekosea, uombe karatasi nyingine. Ukishairudisha kama kura, imekwisha. Mpya imfikie karani kabla ya saa 2 usiku, Novemba 5. Muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii.

Kisha panga: safu ya kwanza mgombea wa nje ya vyama vikubwa unayemtaka, ya pili yule wa vyama vikubwa unayeweza kumvumilia. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa chini wanaondolewa, na kura yako inahamia kwa wa pili wako. Mwaka 2018 Jared Golden alishinda hivyo kiti cha Bunge la Marekani cha wilaya ya 2, hiyohiyo yenye Lewiston, ingawa mpinzani wake Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza. Na wilaya hiyo hutoa mjumbe wake mmoja wa urais: 2016 na 2020 alikwenda kwa Trump, wakati jimbo zima lilikwenda upande wa pili. Seneta Angus King naye si wa chama chochote, na yumo kwenye karatasi hiyohiyo.

Mama Sauda
Kumbe mlango upo.

Mwana Uvira
Kwa karani naenda kesho. Ila huyo wa kumvumilia sina. Nikijaza safu ya kwanza tu?

Fundi Sanduku
Ni halali. Wako akiondolewa, kura yako haihesabiwi raundi zinazofuata. Ila usijaze maduara mawili kwenye safu moja: hapo kura inakufa palepale.