Naomba ushauri: kufuatilia ziwa la lava la Nyiragongo tukiwa Masasi

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Masasi, mkoani Mtwara, na ninatamani sana wanafunzi wangu wafuatilie wenyewe kreta (shimo la kileleni) ya Nyiragongo, mlima wa volkano ulioko mashariki mwa Kongo (DRC) ambao Mei 2021 ulipasuka ubavuni, lava ikafika viunga vya Goma na ziwa la kileleni likatoweka. Picha za setilaiti za Sentinel-2 huonyesha joto la kreta kwa miale ya infraredi, lakini mawingu huziba mara kwa mara. Rada hupenya mawingu, na kivuli cha ukingo wa kreta husaidia kukadiria kina chake, ila kuisoma kwahitaji ujuzi ambao sina. Je, nianzie wapi, hasa kwa intaneti yetu hafifu?