Skendo ya mheshimiwa humwangusha nani hasa?

Wadau, naleta hoja mezani na naomba tuijadili bila matusi.

Jumanne asubuhi nilipanda matatu ya 46 kutoka Kawangware. Tulipofika Hurlingham, simu moja ilikuwa imeshapita viti vitatu. Ndani yake kulikuwa na picha ya mwanasiasa na mwanamke kijana, wamekaa kwenye kochi, glasi mbili mezani. Siwataji, kwa sababu sijui ukweli wa picha ile, na hata ningeujua nisingewataja. Ninachotaka mwone ni vidole. Kila aliyeishika ile simu aliweka vidole viwili kwenye kioo akaukuza uso wa mwanamke. Uso wa mwanamume hakuna aliyeukuza. "Huyu ni wa wapi?" "Anasoma chuo gani?" "Si ni yule wa TikTok?" Makanga akainama, akachungulia, akasema hao ni wale wa kutafuta pesa, na gari zima likacheka. Mheshimiwa mwenyewe alipata maneno mawili tu kutoka kiti cha nyuma: "Huyo dume!"

Vidole vile vimenikaa kichwani wiki nzima. Hoja yangu ni hii: hamu yetu ya kujua nani analala na nani tunaiita uwajibikaji, nami nasema si uwajibikaji. Hapa kwetu skendo ya mapenzi haimwangushi mwanasiasa mwanamume. Humwangusha mwanamke aliyeonekana naye. Na mwanasiasa akiwa ndiye mwanamke, hapo ndipo humwangusha mwanasiasa.

Naanza na upande wa pili, kwa sababu hoja yao ni nzito. Kuna mzee anayeniuzia gazeti karibu na Kencom, mtu wa heshima zake, na kila skendo ikitokea huniambia: asiyeweza kutunza nyumba yake ataitunzaje nyumba ya watu? Anayemdanganya mkewe, wewe atakuonea haya gani? Na Katiba iko upande wake kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, lakini cha 75, katika Sura ya Sita, kinamdai afisa wa serikali mwenendo ufaao kazini na hata katika maisha yake ya binafsi. Kwa hiyo mheshimiwa hawezi kutufungia mlango aseme hayo ni yangu. Aliomba kura akijua.

Lakini kisomeni kifungu chote. Kinakataza mgongano wa maslahi, kinakataza kutanguliza faida yako mbele ya faida ya umma, na kinakataza kuishushia hadhi ofisi. Mawili ya kwanza ni habari ya madaraka na mali. Sisi tumeng'ang'ania la tatu, na hilo nalo twalitumia kuchekea.

Wenye umri wangu watakumbuka Machi 2009. Mwezi Januari serikali ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa, watu milioni 10 wakiwa hatarini. Mwishoni mwa Februari, Philip Alston wa Umoja wa Mataifa alikuwa ametoa taarifa hapa Nairobi kuhusu polisi wanaoua watu bila kuwafikisha mahakamani. Tarehe 3 Machi Rais Kibaki akaita waandishi wa habari Ikulu, Mama Lucy akiwa kando yake, kutangaza kwamba ana mke mmoja tu. Siku mbili baadaye, tarehe 5, Oscar King'ara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya ushahidi wa mauaji hayohayo ya polisi, walipigwa risasi ndani ya gari karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Juzi niliwauliza wenzangu kazini wanakumbuka nini kuhusu juma lile. Wote walikumbuka ule mkutano wa Ikulu, mpaka wakaigiza sauti. Mmoja ndiye aliyekumbuka waliouawa, na majina hakuyajua.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji hili, watu 213 wakafa hapa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa wameamkia kazini. Siku kumi baadaye, Rais Clinton alikuwa mbele ya jopo la mashtaka akihojiwa kuhusu Monica Lewinsky. Sisi tulikuwa bado tunazika. Alipofyatua makombora Sudan na Afghanistan tarehe 20, wengi waliuliza kama ni kwa ajili ya maiti zetu au ya kesi yake, na lile swali lenyewe lilikuwa tusi kwa wafiwa. Mwisho wake? Baraza la Wawakilishi likamshtaki Desemba, Seneti ikamwachilia Februari 1999, akamaliza muhula wake kama kawaida. Lewinsky alikuwa na miaka 22 uhusiano ule ulipoanza, mwanagenzi katika Ikulu ya Marekani, mahali ambapo yule mwanamume ndiye bosi wa mabosi. Dhihaka ilimfuata miaka na miaka.

Sasa turudi nyumbani, kwa mtu tunayempenda sote leo. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga. Wabunge wangeweza kumjibu kwa hesabu: mkopo ni kiasi gani, atakayeulipa ni nani, bustani itabaki na nini. Badala yake wakasimama Bungeni wakawaita wanawake wa Green Belt, vuguvugu lake la kupanda miti, kundi la walioachika. Talaka yake ilikuwa imesikilizwa miaka kumi nyuma, magazeti yakiifuata hatua kwa hatua, na aliyekuwa mumewe alikuwa mbunge wa Lang'ata. Ndoa iliyovunjika ilikuwa ya watu wawili. Aliyetupiwa talaka usoni mbele ya taifa alikuwa mmoja. Jumba halikujengwa, na Jumapili watoto wanacheza kwenye nyasi zile, lakini angalieni silaha waliyoichagua walipokosa hoja.

Hili la pili ni langu, na sijawahi kuliandika popote.

Uchaguzi wa 2013 ulinikuta sina kazi. Mwaniaji mmoja wa uwakilishi wadi hapa Nairobi akanichukua kuwa karani wa kampeni. Nilikuwa naandika majina ya mawakala, nahesabu fulana, na jioni naenda River Road kufuatilia mabango kwa wachapishaji, maana usiposimama pale juu ya mashine wanachapa kazi ya mpinzani kwanza. Mara mbili au tatu nilirudi kwenye gari la mgombea, kwa sababu mabango ni mazito na usiku pale si salama. Ikatosha. Wiki ya pili ya Februari jina langu lilikuwa limebadilika. Nikawa "wa mheshimiwa". Mama yangu alilisikia kanisani, kutoka kwa mwanamke waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Hakuniuliza kitu. Alinipikia chai, akaketi mbele yangu, akanitazama mpaka nikalia.

Nilimwendea mgombea nikamwomba akanushe. Alicheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesifiwa. Akaniambia wacha waseme, yanatusaidia kule mtaani, vijana wanapenda jogoo. Na kweli kwenye mkutano uliofuata kijana mmoja alimpokea kwa kuwika, umati ukashangilia. Alishinda. Mimi sikuwahi kurudi kuchukua mshahara wa mwezi wa mwisho, na mwaka mzima nilikuwa napitia njia ya nyuma kufika dukani. Kwa hiyo mtu akiniambia skendo ni njia ya wananchi kuwaadhibu viongozi, namwuliza: adhabu hiyo ilimpata nani?

Septemba 2018 mwanafunzi wa chuo kikuu, mjamzito wa miezi saba, alipatikana ameuawa msituni kule Homa Bay. Gavana aliyekuwa madarakani akashtakiwa, akakana mashtaka. Mnakumbuka mazungumzo yetu ya wiki zile? Nguo zake, picha zake, pesa alizokuwa akitumiwa. Binti wa watu ameuawa na mimba yake, nasi tukamfanyia kesi ya tabia kabla hajazikwa. Hapo niliacha kabisa kuamini kwamba udaku wetu una upande wa mnyonge.

Sasa msinielewe vibaya kwamba nataka kimya. Nataka tuulize maswali mengine, tena kwa ukali kuliko sasa. Wafaransa walijifunza mwaka 1994 kwamba Rais Mitterrand alikuwa na binti nje ya ndoa. Wengi wao walisema mtoto ni wa mzee, tuachane naye. Lakini binti na mama yake walikuwa wakikaa kwenye nyumba ya serikali na kulindwa na walinzi wa serikali. Hilo la nyumba na walinzi lilikuwa la kila mlipa kodi. Basi hapa pia: nyumba ile ya Kilimani inalipiwa na nani? Gari lililoegeshwa pale usiku lina nambari za serikali? Aliyepewa tenda ya kaunti ni nani kwake? Hayo si umbea, na mwandishi anayeyafuatilia nitamnunulia gazeti lake kila siku.

Kubwa zaidi ni la anayeweza kusema hapana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema mwenye mamlaka au cheo cha umma anayemsumbua mtu kingono ana hatia, kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000. Lakini sheria inataka usumbufu uwe wa kurudiwarudiwa. Karani mwenye mkataba wa miezi mitatu ataelezaje hakimu kwamba mara moja ilitosha, kwa sababu mara ya pili mkataba ungekuwa umekwisha? Hapo ndipo palipo skendo yenyewe, na sijawahi kusikia gari zima la 46 likiizungumzia. Sheria hiyo ya 2006 ilipokuwa bado muswada unaojadiliwa, mbunge mmoja alisimama akadai mwanamke wa Kiafrika husema hapana akimaanisha ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Walitoka tena 2014, wanaume walipobadilisha Muswada wa Ndoa ili mume asihitaji ridhaa ya mke wa kwanza kabla ya kuoa mwingine. Siku ile wabunge walikuwa wakipiga kura juu ya nyumba zetu. Mbunge aliyepiga kura hiyo nina haki kamili ya kumwuliza juu ya nyumba yake, mbele ya kamera.

Nimerudi baada ya kusoma majibu ya mwanzo. Nashukuru.

Ndugu mmoja anasema natetea uzinzi. Hapana. Mimi ni mke wa mtu na ahadi ya ndoa naiheshimu. Aliyemkosea mkewe amemkosea, na kama mkewe anataka kulisema hadharani ni haki yake, nitamsikiliza. Sisi wengine tunaosambaza si mkewe.

Mwingine ameuliza, sasa mwanasiasa anayehubiri maadili kila Jumapili madhabahuni naye tumwache? Huyo simwachi. Aliyejenga jina lake kwa kuwahukumu wasichana wa watu ameliweka jambo lile kwenye manifesto mwenyewe. Lakini hata kwake naomba ushahidi, na naomba sura ya mwanamke ifunikwe.

Na dada aliyesema "picha ikishatoka imetoka, mimi kuituma hakuongezi kitu": kuna Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018. Kusambaza picha ya faragha ya mtu ni kosa, faini hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Haisemi aliyeituma wa kwanza peke yake. Kufikia Jumatano jioni picha ile ya matatu ilikuwa imenifikia mara nne. Ya nne ilitoka kwenye kundi la chama chetu cha akina mama, wanawake kumi na wanane, na uso ulikuwa umeshakuzwa kabla haujatumwa.

Sasa nawageukia mnaoshikilia kwamba skendo hizi zinasafisha siasa. Nitajieni mwanasiasa mwanamume mmoja wa Kenya aliyepoteza kiti kwa sababu ya nani alilala naye. Mmoja. Halafu mniambie wanawake waliotajwa pamoja na wenzake wako wapi leo.